Bamba la Kilo Tano

Barasa,

Nimelipata bamba.

Lilikuwa droo ya chini kabisa ya sanduku lako la vifaa, lile jekundu, chini ya matambara, limeviringishwa kwenye gazeti. Bamba la risasi, madini yale mazito tunayofunga kwenye gari la mbio lisipofikia uzito wa sheria. Matundu mawili ulishayatoboa. Bolti zake mbili ziko kwenye kimfuko, hazijaguswa na spana. Na juu yake, kwa kalamu yako nyeusi ya kuandikia matairi: 71 – 66 = 5.

Saba yako ina mkato katikati. Miaka yote nilikuwa nakucheka kwa hiyo saba.

Nimelipima, unanijua. Kilo tano na gramu ishirini. Fundi mzuri ulikuwa. Hata kitu ulichosahau kukifunga ulikikata sawasawa.

Ulikufa Jumatatu. Jumatano mkeo, Mama Nekesa, aliniomba mambo mawili kabla hajasafiri na mwili wako kwenda Bungoma: nitoe vitu vyako gereji, na niandike maneno ya kitabu cha mazishi, ukurasa wa marafiki. "Wewe ndiye ulimjua kazini, Omari. Andika kitu kizuri." Nikamwambia sawa, shemeji. Nikaenda na katoni tatu, nikaanza na droo za juu. Nilikuwa nalia, nataka ulijue hilo. Mpaka droo ya nne nilikuwa nalia.

Hebu tuhesabu pamoja, maana wewe ulikuwa unakwepa hesabu.

Uliponikuta Al Sadd, hapa Doha, nilikuwa naosha magari kwenye maegesho ya chini ya jengo, magari kumi na manne kwa siku. Ulikuja na gari la mudiri, mwenye timu, ukaniona nalirudisha nyuma kati ya nguzo mbili bila kutazama vioo. Ukasema, "We mtu wa Mombasa, nani alikufunza?" Nikakwambia hakuna. Ukasema, "Basi hakuna wa kulaumiwa. Ijumaa njoo na viatu vyembamba." Hivyo tu. Miaka mitatu baadaye nilikuwa dereva wa pili wa timu, kisha wa kwanza, kwenye mbio za magari ya milango minne kama yale yale niliyokuwa naosha. Sikuwa na baba mwenye kampuni wala mjomba ubalozini. Nilikuwa na wewe. Hilo nalitoa mapema nisije nikaambiwa sina shukrani.

Sasa mwaka ule. Mji mzima ulikuwa umechimbuliwa kwa ajili ya Michezo ya Asia, na raundi yetu ya mwisho ilipangwa wiki ya pili baada ya Idi. Nikishinda, ubingwa wangu, na ubingwa ulikuja na kiti cha msimu mzima, nchi sita. Mudiri alikuwa amesema mbele yetu wote: Ramadhani funga, ni haki yako, lakini zile siku sita za sunna za Shawwal, baada ya Idi, zisubiri, wiki ya mbio dereva anakunywa maji. Mimi sikusubiri. Mama yangu hakuwahi kuziacha zile sita, na mwaka ule ndio alikuwa amefariki. Nikazianza Jumatatu, kimyakimya. Wewe peke yako ndiye niliyekwambia.

Ukacheka. "Mungu anataka thelathini, wewe unampea thelathini na sita. Unamhonga?" Nikakupa hesabu ya mama: thelathini na sita, kila siku thawabu mara kumi, mia tatu na sitini, umefunga mwaka. Ukasema, "Na mwaka ukiisha utabaki mifupa. Panda hapa." Mizani yako ya bafuni, Al Mansoura, Jumatano jioni, nikiwa nimeshafuturu. Sitini na sita.

Fomu ya timu ilisema sabini na moja, nilipopimwa kabla ya Ramadhani. Hakuna aliyefikiria kunipima tena. Baada ya Idi kila mtu Doha ameongezeka, kwa biriani na haluwa na kualikana. Nani angemtafuta aliyepungua? Na gari linapimwa pamoja na dereva, na wewe ulikuwa ukiacha akiba ya kilo mbili tu kwa sababu kila kilo inakula muda. Nimepungua tano, akiba mbili, tuko chini kwa tatu. Tulizihesabu pamoja, nikiwa bado nimesimama kwenye mizani kwa soksi. Ukasema, "Kesho nakata bamba, nalifunga chini ya kiti chako. Wewe endesha. Uzito niachie."

Alhamisi giaboksi ikafa. Mlifanya kazi nayo mchana kutwa, najua, nilikuwepo. Nilikuwa nimefunga siku yangu ya nne na sikuwa na nguvu hata ya kukupa spana.

Ijumaa nilikunywa maji, nikaendesha mizunguko kumi na mbili na sijawahi kuendesha vile tena. Nilivuka mstari sekunde moja na nukta nne mbele ya wa pili. Ulinikumbatia kupitia dirishani kofia bado ikiwa kichwani. Kisha wakalisukuma gari kwenye mizani, mimi ndani, na yule bwana wa mizani akatazama namba, akatazama karatasi yake, akatutoa tena na kuturudisha. Kilo tatu pungufu. Ushindi ukafutwa.

Mudiri alitusimamisha nyuma ya lori la matairi. Nikasema ukweli, kwamba nilifunga, kwamba nimepungua, kwamba Barasa anajua na bamba amefunga. Akakugeukia. Ulikuwa unafuta mikono kwa tambara, na mikono ilikuwa safi.

"Sikuambiwa."

Neno moja. Nimelibeba miaka kumi na moja.

Ulikuja baada ya miezi miwili, na sufuria ya kuku na ugali umeufunga kwa taulo. Ukasema visa yako iko mkononi mwa mudiri, Mama Nekesa ndio kwanza amefika, ana mimba, ungefanyaje. Nikaelewa. Kweli nilielewa, kwa sababu na mimi visa yangu ilikuwa mkononi mwa mtu. Nikakuuliza jambo moja tu: bamba ulifunga? Ukaniambia, "Omari, nililifunga. Haki ya Mungu. Lazima lilichomoka njiani, pale unapopanda ukingo, kona ya sita."

Basi mimi nikaenda kulitafuta. Unakumbuka? Niliomba ruhusa kwa mlinzi wa pale, Mganda, akatuacha tuingie alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Siku mbili, Barasa. Nilipima changarawe ya kona ya sita hatua kwa hatua, mita arobaini kwa kumi na mbili, nikaigawa kwa kamba kama shamba. Na wewe ulikuja ukainama na mimi. Ulikuwa na fimbo. Ulikuwa unachokoa changarawe kwa fimbo, unaniambia, "Jaribu huko kushoto," na bamba liko kwenye droo yako.

Kosa la kusahau ningelisamehe hapo hapo. Uoga nilishausamehe, nikala na kuku wako. Ile fimbo ndiyo imenishinda.

Baada ya hapo mambo yangu unayajua. Kiti cha nchi sita kilikwenda kwa yule wa sekunde moja na nukta nne. Mudiri alinitoa, na nikapata jina. Kila mgahawa wa Wakenya Al Mansoura nikiingia: "Kilo Tatu amefika, muwekee nyama ya kuongeza." "Kilo Tatu, leo umekula?" Niliendesha magari ya hoteli miaka minne, uwanja wa ndege na kurudi, safari tisa kwa siku, abiria wakiniambia nipunguze mwendo. Kisha timu ndogo ikanichukua, nikiwa na miaka thelathini na tatu, nikakimbia mpaka thelathini na nane. Kwa jumla mbio sitini na moja. Nimeshinda tisa. Kitabu cha mbio kinasema nane. Ubingwa hakuna. Leo nina gereji yangu ya matairi Al Wukair, mashine mbili, vijana watatu, sidaiwi na mtu, na bado mteja wa Kikenya akishuka kwenye gari husema, "Si wewe ndiye Kilo Tatu?"

Wewe peke yako hukuwahi kuniita hivyo. Nilidhani ni urafiki.

Nililipeleka bamba kwa mudiri. Nisingelifanya hivyo ungekuwa hai, lakini ungekuwa hai ningelileta kwako. Nikaliweka mezani kwake, maandishi juu. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu kwa mpangilio. Akavaa miwani, akalisoma, akalirudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Najua," akasema. "Alinijia wiki ile ile. Alilia hapo ulipokaa."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniita. Akasema, tena kwa upole kabisa, kama anamweleza mteja, kwamba dereva mwingine alikuwa ameshampata, na fundi kama wewe asingempata, na isitoshe nilifunga alipokataza. "Khalas, Omar, yamekwisha. Mtu amekwenda. Unataka nini sasa?"

Nilikaa nikatafuta ninachotaka. Miaka kumi na moja, na nikaona hakuna kitu mezani pale ninachoweza kubeba. Nikamwambia, "Nataka usiniite Kilo Tatu." Akatabasamu kidogo. Akasema, "Haya."

Kwa hiyo uliungama. Ulikwenda kwa mwenye visa, ukalia, ukarudi kazini. Kwangu ukaleta kuku, na fimbo. Wewe ulikuwa unajua, na mudiri alikuwa anajua, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye changarawe.

Maneno ya kitabu niliandika. Yalisomwa Bungoma, Mama Nekesa anasema watu walinyamaza kuyasikiliza. Niliweka namba tu, kwa sababu namba zako zilikuwa nzuri na sikutaka kudanganya: miaka kumi na sita, magari matano, matairi ulibadilisha yote manne kwa muda ambao mtu anavaa kiatu kimoja. Kwamba ulimwona mwosha magari akirudi nyuma kati ya nguzo mbili. Yote ni kweli. Sikuandika kwamba hukuwahi kusahau bolti. Mama Nekesa mwenyewe alipendekeza niiweke hiyo. Nikamwambia nafasi imeisha.

Siku arobaini zimepita, na Mama Nekesa amesharudi Doha. Sanduku lako nimelipeleka nyumbani kwake, limesafishwa, kila spana mahali pake. Bamba limebaki kwangu.

Na zile sita. Nilifunga nne. Ijumaa ile sikufunga, na Jumamosi niliamka nikanywa chai kwa hasira, na sijazigusa tangu hapo, mwaka wowote. Mbili za mama zilibaki. Shawwal ikifika nitaanza upya, zote sita. Nina kilo themanini na tatu sasa, hakuna wa kunipima. Sifungi kwa ajili yako, usije ukajipa sifa.

Haya, Barasa. Ulale salama. Hilo nalisema kwa mdomo, na moyo sijaulazimisha. Habari ya bamba Mama Nekesa hataisikia kwangu kwa mimi kutaka kujisafisha. Lakini ipo siku atakaa kwangu Al Wukair akinisubiri nimbadilishie tairi, ataliona bamba hilo kwenye rafu, ataijua saba yako, na ataniuliza ni la nini.

Siku hiyo sitasema sikuambiwa.

Omari