Makaroni Kati ya Kikohozi na Funguo

Mpendwa Mama mkwe,

Sijafika mbali na tayari nimevunja mwiko. Tangu nimwoe binti yako sijawahi kukuita "wewe". Kwetu Wabukusu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani, hawali meza moja, hawapigi gumzo, hadi siku watakapoiondoa haya hiyo kwa zawadi na mlo. Siku yetu tuliipanga iwe Desemba hii. Ningekuja na blanketi lako, tungekaa, tungekula. Hukungoja. Binti yako Nasimiyu na mjukuu wako Nekesa wamekuja huko nyumbani kukuzika, na mimi nimebaki hapa DeSoto, Texas, kwa sababu karatasi zangu za uhamiaji hazijakamilika. Nimeinjika sufuria ya makaroni, ndiyo maana nakuandikia.

Ulikuja Texas Nekesa akiwa mchanga, miaka ile ya kadi za simu za kukwangua. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala, na jikoni palikuwa pembe tu ya sebule, hapana hata mlango. Nasimiyu alirudi kazini hospitalini mapema, jinsi wanavyorudi huku, na zamu yangu ya ghala ilianza alasiri. Basi toka asubuhi hadi alasiri tukawa tunabaki watatu: wewe, mtoto na mimi. Aliyechora nyumba ile hakuwa Mbukusu.

Ukitaka kutoka chumbani, ulikohoa. Mimi nikitaka kutoka, nilitikisa funguo za gari. Hatukukubaliana popote, tulijikuta tu tunafanya hivyo, na mmoja akisikia ishara ya mwenzake anajifungia.

Nilijua kilichokuleta, mbali na kumsaidia mzazi. Kule nyumbani walikuwa wakisema nesi mzima ameolewa na mbeba maboksi. Ulikuja ujionee mwenyewe kama binti yako yuko pazuri, na wakati huohuo hukuruhusiwa hata kunitazama usoni. Ungenipima kwa kitu gani? Ikabaki sufuria.

Ugali usingetufaa. Ugali unataka mtu asimame ausonge, kisha uliwe ungali moto, tena na watu. Lakini makaroni yale madogo yaliyopinda yanaiva haraka, yanafunikwa, yanamsubiri mtu bila kununa. Mpishi anaweza kukimbia kabla mwenzake hajachoka kujificha.

Siku ya kwanza nilipika nilivyozoea tangu useja: nikachemsha, nikamwaga maji, nikatia nyanya ya mkebe, nikafunika na kutoroka. Nikasikia kijiko. Kisha sauti yako, unamwambia mtoto uliyempakata, kwa nguvu ya kutosha kupenya mlango wangu: "Nekesa, mwambie baba yako makaroni yamekuwa uji."

Mtoto hata shingo haijakaza, na tayari ana kazi ya utarishi!

Kesho yake ulinionyesha. Ulikaanga kitunguu hadi kikawa cha kahawia, ukayatupa makaroni makavu kwenye mafuta na bizari ya pilau, ukayageuza, halafu maji kidogo kidogo mpaka yakakauka. Hukumwaga hata tone. Nilikula nimesimama, nikakwangua, nikaosha sufuria ikang'aa, kisha nikapaza sauti: "Nekesa, mwambie kukhu ameniweza." Kukhu, nyanya yake, akacheka huko chumbani. Nilienda kazini siku hiyo nikipiga mluzi.

Tukaanza mashindano. Nikaleta makaroni kwa maharagwe, kama githeri ya mahindi. Ukajibu kwa siagi ya karanga uliyoikoroga na nyanya mpaka ikawa mchuzi mzito, na hapo, Mama, nilisalimu amri. Nikajaribu sukuma wiki ya huku yenye majani mapana. Ukapika kwa maziwa, sukari na iliki, chai ya asubuhi ikapata mwenzake. Nilipotia jibini ya Kimarekani, ile ya manjano, ulionja mara moja, ukasema: "Nekesa, muulize baba yako nani amemwaga sabuni kwa chakula."

"Nekesa, mwambie kukhu hiyo ni cheese, si sabuni."

"Mwambie ale yeye."

Halafu siku ya oveni. Nilitaka kuyakausha juu yapate ukoko, nikaenda kunyoa ndevu, nikasahau. King'ora cha moshi kikapiga. Nikatoka mbio bila funguo, povu kidevuni, nawe ukatoka bila kukohoa, mtoto kifuani, tukakutana uso kwa uso mbele ya jiko. Ukajifunika leso. Mimi nikaligeukia friji. Tukasimama tumepeana migongo, king'ora kikilia, wala hakuna aliyejua la kufanya, mpaka uliposema, "Nekesa, mwambie baba yako afungue dirisha." Nikafungua huku natembea kinyumenyume. Ukaanza kucheka, nami nikacheka, mabega yakatutetemeka, kila mtu akiutazama ukuta wake. Nilikupenda siku hiyo, Mama. Nilipenda kwamba Nasimiyu alitoka kwako.

Siku uliyoondoka, rafiki wa kanisani alikuja kuwapeleka uwanja wa ndege, maana gari moja na wewe nisingeweza kupanda. Nilikuwa chumbani. Nikasikia ukisimama nje ya mlango wangu. "Nekesa," ukasema, "mwambie baba yako binti yangu hatalala njaa hapa. Nimeona."

Nilikuwa na jibu. Lakini kabla sijafungua kinywa Nasimiyu alimchukua mtoto kwenda naye garini, na nikabaki sina wa kumtuma. Jikoni uliniachia makaroni ya karanga, yamefunikwa.

Sasa Nekesa ni mtoto wa shule, ananijibu Kiingereza tupu, lakini akishikwa na njaa ni "Dad, make Kukhu's macaroni," yaani nipike yale ya kwako. Mimi hadi leo natikisa funguo kabla ya kuingia jikoni. Nasimiyu hunicheka. Nimezitikisa leo pia, na nyumba ilivyo kimya nimejikuta nasikiliza kama utakohoa.

Nimepika ya karanga. Nimekaa mezani, sikusimama. Nekesa yuko huko kwako na simu siwezi kumpigia katikati ya matanga nimtume tena, kwa hiyo nakuambia mwenyewe, kwa kinywa changu.

Mama, nimekula. Nimeshiba. Asante.

Mkweo,
Baba Nekesa