Samaki wa Kwanza wa Tanuri Jipya

Neema, mjukuu wangu,

Hapa Bunia tumeamka salama, na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza kama muihamishe programu yenu kwenye mfumo mpya, ilhali ule wa zamani bado unaiendesha vizuri.

Tulipooana, kule Kasenyi, marehemu babu yako alijenga tanuri jipya la kukaushia samaki. Nikataka kulijaza samaki wote wa soko siku ile ile.

“Ngoja, mama,” akasema. “Tuanze na samaki ya kula siye wenyewe.”

Wakaungua kama makaa. Tuliwala tukicheka, huku wa soko wakikauka salama katika tanuri la zamani. Tulipoujua moto wa lile jipya, tukahamia. Katika lile la zamani akatagia kuku.

Namshukuru Mungu kwa mtu yule, hata kwa samaki wake weusi.

Koko wako