Kurasa Mbili Zilizogandana

Jumatatu, mwezi wa tatu wa eda

Leo nimemgombeza wifi yangu Asha. Mimi sitoki, kwa hiyo nilimtuma mjini Chake Chake anichagulie kitabu cha picha cha binti yangu Raya. Nilimwambia, "Nataka cha upole, asife mtu." Kaniletea cha kuku anayeliwa na ngawa. Nikamwambia hajali. Akalia. Nilisahau kuwa marehemu mume wangu Salim alikuwa kaka yake.

Mimi na Raya tukarudia kitabu cha zamani, cha ndege na wanawe. Salim ndiye aliyekuwa akimsomea Raya kila akirudi kutoka shamba. Mimi sijawahi kukisoma. Katikati nikakuta kurasa mbili zimegandana. Nikaanza kuzibandua kwa ukucha.

"Mama, hapo hapafunguki," Raya akasema. "Baba hupapita."

Alipokwenda chuoni kusoma Kurani nikazibandua. Ndani, baba ndege kaanguka chini ya mti, kafa, makinda wanamwita. Pembezoni pana uji mkavu wa muhogo. Salim alizigandisha mwenyewe mtoto asione, wala hakuniambia.

Nami kila Raya akiniuliza baba atarudi lini, humwambia yuko safari.

Nikapika uji, nikazigandisha tena. Raya aliporudi akazipapasa. Zilikuwa bado mbichi.

"Umefungua, Mama."

"Nimefungua."

Kidole chake kikabaki palepale kwenye ubichi. Kisha akauliza, "Baba yao yumo humu?"

Nikamwambia yumo.