Kibuyu cha Juu ya Mafiga

Sepuka, Singida
3 Novemba 1974

Kwa binti yangu mpendwa Klara,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba u mzima huko Kiomboi pamoja na wanafunzi wako. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Miezi minne imepita tangu tumzike mama yako, na kila Jumapili nilikaa na kalamu, nikainuka na karatasi tupu.

Tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu imeezuliwa, nami nimepewa kiwanja katika mstari wa tatu, kati ya Mzee Simeoni na mjane Dorika. Tuko karibu hata namsikia Simeoni akikohoa, lakini jioni sina wa kumwambia neno.

Ninalo kosa la kukiri. Katika vurugu za kuhama vyombo vilichanganyika, nikatwanga mbegu ya uwele ya mama yako nikidhani ni ya chakula. Ni ile aliyorithi kwa mama yake, yenye suke la nywele ngumu ambalo ndege hawaligusi. Nakumbuka alikupa kiasi ulipokwenda kuanza kazi. Nakusihi uniletee walau kiganja kimoja kabla mvua hazijakolea. Bila hiyo, mkono wake utakuwa umekoma shambani.

Kuhusu maziko, najua uliumia. Wazee waliamua tusikungoje ufike. Uliondoka bila kunywa hata maji nyumbani kwangu, nami sikulaumu.

Barua hii anakuletea Alute, anayekuja huko mnadani.

Baba yako,
Melkiori


Kiomboi
19 Desemba 1974

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Pole kwa kuhama, na pole kwa magoti.

Mbegu sina. Niliporudi kutoka msibani niliisaga yote, nikasonga ugali, nikaula peke yangu siku mbili nimefunga mlango. Nilimtaka mama. Lakini nilijua ninachokula.

Baba, kibuyu cha juu ya mafiga hata mtoto anajua ni cha mbegu. Umeota moto chini yake miaka yote. Na siku ile nilipoondoka msibani Mzee Simeoni alinisindikiza, akaniambia, "Sisi tulitaka kukungoja, mwanangu." Sikumwuliza zaidi. Nilingoja useme wewe.

Barua anaileta mwalimu mwenzangu Sara, anayekwenda kwao Ikungi kwa Krismasi.

Mwanao,
Klara


Sepuka, Singida
14 Aprili 1975

Kwa binti yangu Klara,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Pasaka imekukuta salama. Naomba radhi tena kwa kuchelewa. Safari hii sikukosa nafasi, nilikosa ujasiri.

Nilijua ni mbegu. Nilipanda juu ya kigoda nikakitungua kibuyu, nikatwanga mwenyewe, Dorika akinicheka toka uani kwake: "Mzee, huo ni mchi au jembe?" Nilitaka kula chakula cha mama yako mara moja tena. Kilikuwa na ladha ya moshi tu.

Wazee walitaka tukungoje. Mimi ndiye niliyekataa. Alikuwa amelala pale, nami nikamwita kwa jina lake, Marietha, asiitike. Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kuniacha bila jibu. Nikaagiza azikwe jioni ileile. Kwa woga wangu nilikunyima uso wa mama yako.

Mwezi Februari nilikwenda mahame yetu kufyeka kaburi. Pale mama yako alipokuwa akipura nafaka, mvua ilikuwa imeotesha punje zilizodondoka: mashina kumi na moja, yenye nywele zilezile. Nimekuwa nikiyaendea kila siku hadi yakakauka. Masuke sita nimeyatundika juu ya mafiga. Matano ni yako.

Mchukuzi wa barua hii ni mimi mwenyewe. Nimeiandika kwa sababu nikifika mlangoni kwako ulimi utanigomea. Isome nikiwa nimesimama. Ukimaliza, na ukiona vema, nipe maji ya kunywa.

Baba yako,
Melkiori