Fungu la Kumi la Mawe

Kewanja, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Pokea pia shikamoo ya mkweo, na ya Neema, ambaye siku hizi anaitamka yote bila kuikata. Mgongo umepoa? Na ile dawa ya kuchua uliyopewa, unaipaka au umeitunza kwa ajili ya wageni? Sisi tu wazima. Baraka anaota meno na ameamua nyumba nzima tuyaote pamoja naye, kwa hiyo ukiona mwandiko umeyumba ujue mkono mmoja unaandika na mwingine unampigapiga mtu mgongoni.

Habari hii ningekupa kwa simu, lakini ukuta kati yetu na jirani haufiki juu, naye angecheka kabla yako. Nimeona niandike, mpangaji mwenzetu anayerudi Singida akuletee mkononi.

Mama, hali ni ngumu. Masika yote shimo analochimba baba Neema lilijaa maji. Huku shimo la wachimbaji wadogo wanaliita duara, usije ukafikiri ni ule mgodi mkubwa wenye uzio. Wakawa wanakaa juu wanalitazama kama watu waliofiwa. Tuliishi kwa maandazi yangu. Unga wa ngano nao ukapanda bei, nikapunguza andazi, wateja wakaanza kuniuliza kama ninauza maandazi au vifungo vya koti.

Kanisani mambo yalikuwa hayo hayo. Kapu la sadaka lilikuwa linazunguka watu wote na kurudi jepesi kama lilivyotoka. Mchungaji wetu, kijana mpole wa kutoka Bukoba, akatangaza kwamba asiye na fedha asibaki nyumbani kwa aibu, alete kile ambacho kazi yake inampa. Mwenye kuku alete kuku, mwenye ndizi alete ndizi, na baada ya ibada vitu vitapigwa mnada kama kawaida. Nikasema amina. Baba Neema naye akasema amina, na ya kwake ilikuwa ndefu kuliko ya kanisa zima. Pale ningepaswa kushtuka.

Maana huku mchimbaji halipwi fedha. Duara likitoa, wanagawana mawe. Kila mtu anaondoka na mifuko yake, na hakuna anayejua kama ndani kuna dhahabu au kokoto mpaka yakasagwe kwenye karasha, ile mashine ya mawe. Na mwenye karasha hasagi kwa maombi, anataka fedha kwanza. Fedha hiyo nilikuwa nimeiweka kidogo kidogo kutoka kwenye maandazi. Maji yalipopungua, baba Neema akapata mgao wake, mifuko kumi. Nilipoiona imepangwa mlangoni nilimshukuru Mungu. Yeye akaihesabu, akairudia, kisha akasema, "Wa kumi ni wa Bwana."

Nikamwambia sawa, ila tusage kwanza, tuone tumepata nini, tutoe fungu la kumi la hicho. Akakataa. Mchungaji amesema tulete kile kazi inachotupa, na kazi yake inampa mawe. Tena akaninong'oneza, kama mtu aliyegundua kitu, kwamba tukitoa mawe Mungu naye atakuwa na chake kwenye mzigo huu, hawezi kuiacha ile tisa iwe mitupu. Nikamuuliza kama anamtolea Mungu sadaka au anamwingiza kwenye kikundi chao cha wachimbaji.

Jumapili iliyopita akavaa shati lake jeupe la harusi, akaubeba mfuko begani, akautua mbele ya madhabahu kwa kishindo kilichomtoa kuku wa watu kapuni. Kuku akapita chini ya kwaya, sauti ya kwanza wakanyamaza, sauti ya pili wakaendelea. Mchungaji, ambaye ameshaombea ndizi, mayai na hata mbuzi, alisimama juu ya ule mfuko akakosa neno. Mwishowe akamwomba Bwana ayabariki mazao haya ya ardhi, akasonga mbele haraka.

Mnada wetu unaongozwa na Mzee Marwa, mzee wa kanisa, Mkurya mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Ndizi zikaenda, mayai yakaenda, kuku akaenda baada ya kukamatwa. Yakafuata mawe. Hapo ndipo nilipojua kanisa letu lina wachimbaji wengi kiasi gani. Wanaume waliosinzia mahubiri yote walikuja mbele. Wakafungua mfuko. Huyu anatemea jiwe mate na kulisugua kwenye suruali, huyu analigeuza juani, mwingine ananusa kama ananunua samaki. Mmoja akasema anaona kitu. Mwenzake akasema hata kama hakionekani, jiwe lililoombewa haliwezi kuwa sawa na jiwe la kawaida. Bei ikaanza kupanda.

Nikamtazama baba Neema. Mama, unaujua uso wa mtu aliyeuza ng'ombe halafu akaambiwa alikuwa na mimba? Ndio huo. Kila bei ilivyopanda, alizidi kuamini kuwa dhahabu yote ameipeleka kanisani na nyumbani amebakiza kokoto. Mara nikasikia sauti yake, naye anataja bei.

Watu wakageuka. Mzee Marwa akamuuliza kama si yeye aliyeuleta huo mfuko. Akajibu ndiye, na kwani kuna andiko linalomkataza kununua. Vijana wa kwaya wakapiga makofi. Wao wanacheka, mimi nimekauka, kwa sababu fedha iliyokuwa mfukoni mwake ni ile ya karasha tu, niliyompa asubuhi apitie kwa mwenye mashine ashike zamu ya kesho yake. Ikiondoka hiyo, mifuko tisa inabaki mlangoni kama mapambo, na ndoo yangu ya unga wa ugali ilikuwa imefika mahali pa kukwangua.

Akataja bei tena. Nikapita katikati ya wanaume, nikamfungua Baraka mgongoni, nikamtia mikononi mwa baba yake.

"Shika mtoto."

"Mama Neema, ngoja kwanza."

"Ukinunua haya, yale ya mifuko tisa tutayachemsha?"

Nilisema kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya mwanamke aliyechoka inafika mbali. Mzee Marwa aliisikia. Na Baraka, kwa meno yake yale, alipouona uso wa baba yake ulivyokunjamana, aliachia kilio ambacho bati la kanisa lilikirudisha. Baba Neema akafungua mdomo, akataja bei nyingine, nadhani, maana niliona midomo tu. Mzee Marwa akanitazama, akamtazama mtoto, akagonga meza harakaharaka na kumuuzia Mama Bhoke, yule anayewapikia wachimbaji. Mama Bhoke alisema ni miaka sasa analisha wanaume wanaozungumzia dhahabu huku wanakula maharage, leo na yeye awe na jiwe lake.

Jumatatu mifuko yetu ikasagwa. Tulichopata, mama, ukikiweka kwenye ukucha kinabaki na nafasi ya kutembea. Kikamaliza kodi ya chumba na kikaishia hapo. Baba Neema akasema, "Si nilikwambia? Iko kwa Mama Bhoke."

Mama Bhoke mwenyewe hajasaga, na sidhani kama atasaga. Ameuweka mfuko kwenye kona ya banda lake, wachimbaji wanakwenda kula pale ili waukodolee macho, na wali wake unaisha kabla ya saa saba. Mkweo naye alianza kupitapita huko. Nikamwambia ahakikishe macho yake yanashiba huko huko, kwa sababu hapa nyumbani nimebakiza uji wa watoto, na ni mwepesi.

Jana mchana Mzee Marwa akatokea na mfuko wa unga begani. Kumbe wazee walikubaliana kwamba fedha ya mnada, kabla ya kugusa mambo ya jengo, wanunue unga wa nyumba ambazo hali ni mbaya, na ya kwetu imo. Baba Neema akasimama mlangoni kama askari. Akasema, kwa heshima zote, mzee aupeleke kwa wenye shida, maana yeye ni mtoaji, kanisa zima lilimwona. Mimi nilikuwa nyuma yake, na sufuria nilishaishika.

Mzee Marwa hakuushusha.

"Mwanangu, uliposhusha mawe kanisani, nani alikuwa amekuambia tunayataka?"

Baba Neema akaegemea mlango.

"Tuliyapokea. Na mchungaji aliyaombea, Mungu anajua kwa shida gani. Sasa na wewe pokea, huu mfuko ni mzito na mimi si kijana."

Mkweo akatafuta jibu angani, akalitafuta chini, kisha akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Mtue mzee mzigo." Akamtua.

Nikabandika maji. Mzee Marwa akakaa, akala nasi. Baba Neema alisema yeye ataonja tu, kwa heshima ya mgeni. Nilimwongezea tonge mara mbili, na mara ya tatu akajiongezea mwenyewe.

Msalimie dada mkubwa, mwambie magauni aliyomtumia Neema yamemkaa. Msalimie shangazi wa kwaya, lakini ukimsimulia habari ya kuku kwanza mwondolee kikombe cha chai mkononi. Mjomba fundi baiskeli naye asalimiwe, pamoja na bibi, ambaye najua utamsomea barua hii mara mbili kwa sababu ya masikio.

Upake dawa, mama. Nimekukumbuka mpaka harufu ya jiko lako.

Ni mimi mwanao,
Esta