Mstari Nilioruka

Temeke, 12 Aprili 1956

Mama mpendwa, shikamoo.

Kwa miaka saba nimejiuliza kama mtu aliyesamehewa na Mungu anaweza kuwa na amani wakati aliyemkosea hajui kosa lenyewe.

Mimi ni mzima, mvua zimeanza, na fundi mmoja wa Keko amenitengenezea meza hii ninayoandikia. Anayekusomea barua hii ni mdogo wangu Kokuberwa. Nimemsihi asiruke neno, kwa kuwa mimi niliruka. Barua ya mwisho ya kaka Gaspar kutoka huku nilikusomea mimi. Aliandika, "Mama, naumwa sana, njoo." Nikakusomea kwamba hajambo, kwa sababu ungesafiri ningebaki kulea wadogo zangu na kukosa nafasi yangu Makerere. Baada ya mwezi tukaletewa habari za kifo chake.

Nimeungama mara nyingi. Jumamosi iliyopita Padri Nikodemu alinikatiza: "Mwalimu, hiyo tena? Mungu alikusamehe mara ile ya kwanza. Au unadhani ni msahaulifu kama mie?" Nilicheka, kisha nikalia. Jumapili nilipokea komunyo bila hofu.

Juu ya Mungu nina hakika. Nisichojua ni kama nakuandikia kwa kuwa ukweli huu ni haki yako, au kwa kuwa nimechoka kuubeba peke yangu. Siwezi kuamua, maana moyo unaopima ndio ule ule uliokudanganya.

Nitakuja likizo ya Juni. Ukikataa kuniona, nitakaa barazani.

Mwanao,
Auleria