Kwa Katekista Silvesta Ojok, Aliyesimama Kati ya Mistari Miwili

Mwaka umezunguka, Baba, tangu tulipokulaza kando ya kanisa hapa Mbale, na Mama Beldina bado anaitika jikoni kana kwamba umemwita.

Ulivua sare ya magereza kule Jinja, ukatuhamisha kutoka Nalufenya hadi Namatala hapa Mbale, ukaanza kufundisha katekisimu kwa sauti ile ile ya kuhesabia wafungwa. Watoto wa komunyo walikuogopa siku moja tu. Proscovia, mpika waragi, alipougua, ulimchotea maji wiki mbili nzima, na kila ndoo uliyotua ulimgombeza kwa pombe yake. Huyo ndiye wewe.

Kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa, mwaka 1992, ulitufundisha kila Jumatano kwenye jumuiya: msimchague mtu kwa dini wala kabila, wala kwa sukari aliyowaletea. Tazameni manufaa ya wote, na muanze na maskini. Mama aliyashika yote.

Siku ikafika, watu wakapanga mstari nyuma ya wagombea wawili. Alfayo, mwanakwaya, baba wa ubatizo wa Ronnie wetu, aliahidi kuvunja mapipa ya pombe. Dauda mchinjaji, Mwislamu asiyejua hata ladha ya waragi, alisema wanawake wanaoipika watafutiwe kwanza kazi nyingine. Mama akaenda moja kwa moja kwa Dauda, akageuka kukutafuta. Ulikuwa umesimama katikati, kofia mkononi.

"Katekista, si ni wewe ulisema maskini kwanza?" Proscovia alipaza sauti. "Maskini ni sisi. Kuja basi!"

"Kanisa halina mgombea," ukajibu.

"Nani ameita Kanisa? Tunaita wewe!"

Hukusogea. Dauda alishindwa kwa mtu mmoja; ungekwenda, wangelingana. Mapipa yakavunjwa, Proscovia akaondoka na wanawe watatu, na hatujui wanakula nini. Wiki ya tatu homa ikakuchukua, Mama akiwa bado anatafuta namna ya kukuuliza.

Baba, hatuelewi. Betty anasema ulitii, kwa kuwa katekista hapaswi kuwaonyesha waumini wamfuate nani. Ronnie anasema uliogopa kumuudhi Alfayo. Mama huwanyamazisha wote wawili, kisha anauliza swali hilo hilo mwenyewe. Tunakupenda na tumekukasirikia, na hatujui kipi kianze.

Sasa Alfayo amehamia Jinja na kiti kiko wazi. Jumamosi hii tunapanga mstari tena, Dauda dhidi ya ndugu wa Alfayo. Jumuiya imempa Mama nafasi yako ya kufundisha, na wazee wanamwambia asimame katikati, eti ndiyo heshima ya marehemu.

Siku mbili hakula vizuri. Jana akatuita.

"Mwandikieni Baba yenu mapema, asisikie kwa watu. Mimi nasimama kwa Dauda."

"Na kama Baba hapendi?" Lillian akauliza.

"Sijui," Mama akasema, akalia. "Haki ya Mungu, sijui. Lakini nitasimama."

Misa yako ni Jumamosi saa moja asubuhi. Uchaguzi ni saa nne.

Unakumbukwa na mkeo Beldina, wanao Betty, Ronnie na Lillian, na jumuiya yote ya Namatala. Hatutakusahau kamwe, Baba, hata pale tutakaposimama mahali ambapo wewe hukusimama.